Kofia ya Trekta

Jumatatu, 3 Februari

Theluji mpaka magoti ya farasi. Bado inaanguka. Mgongo unauma tangu asubuhi.

Daftari hili nilipewa na halmashauri ya kijiji niandike kazi za trekta. Saa ngapi, wapi, mafuta kiasi gani. Mwaka wa ishirini na mbili huu nashika usukani wa trekta ya kijiji na hakuna mtu aliyewahi kulifungua daftari. Kwa hiyo naandika yangu.

Kazi za leo: nimesukuma theluji kutoka shuleni mpaka zizi la jirani yetu Tashtan. Hatua mia tatu. Halafu trekta ikatoa moshi mweusi, ikahema kama ng'ombe aliyevimbiwa, ikazima. Nikawasha. Ikahema, ikazima. Nikaiacha ipumzike. Mimi pia nikapumzika. Tulipoamka, ni yale yale.

Yaani wiki hii! Wiki zote za mwaka zipo, imechagua hii. Jumapili wakwe wanakuja kumvisha Begimay hereni za uchumba. Binti yangu wa pekee. Wanatoka ng'ambo ya daraja, na kati ya daraja na sisi kuna Kona ya Mbuzi, ambako upepo hulundika theluji yote ya bonde kana kwamba umeagizwa. Hereni hazivishwi kwa simu. Uulkan, mke wangu, anasema wakwe wakikwama njiani wakageuza gari, hiyo ni ishara mbaya, na wengine hawageuzi tena kurudi.

Nimemwahidi Begimay njia itakuwa wazi. Tena nimeongeza: nitawapokea wakwe darajani mimi mwenyewe, na trekta itatangulia mbele ya gari lao mpaka mlangoni kwetu. Heshima! Nani mwingine hapa Kashka-Tor aliwahi kupokea wakwe hivyo? Begimay akauliza, kwa trekta hiyo? Nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo. Akarudi kuosha vikombe.

Tashtan alitoka zizini na chai yake mkononi. Ana trekta mpya ya manjano, ina redio, ina joto ndani, anaendesha na shati tu. Akasema, kaka Jolchu, niachie mimi nifungue njia mpaka darajani, kazi ya nusu siku, wala sitaki kitu. Nimemshukuru. Nimekataa. Mwaka juzi aliniazimisha jeki, na mpaka leo kila harusi naisikia hiyo jeki.

Tatizo ni dizeli. Imeganda. Hata wino unaganda.

Jumanne, 4 Februari

Nimeipasha dizeli joto. Makaa ya samadi kavu kwenye beseni, chini ya tangi. Uulkan alipotoka na kuona moshi alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia tangu tuoane. Nikamweleza kwamba dizeli si petroli. Akasema beseni lenyewe ni la kukandia unga.

Dizeli ikapata joto. Mto wa kiti nao ukapata joto, kisha ukaungua. Trekta ikawaka vizuri sana. Hatua arobaini, moshi mweusi, kimya.

Nikafungua nozeli za mafuta. Nikafunga nozeli. Vidole havina hisia. Nikapiga pampu kwa mpini wa spana, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna aliyeitikia.

Tashtan tena. Mtu huyu hana kazi? Akapanda juu ya gurudumu bila kuombwa, akachungulia, akauliza, kaka, kofia ya bomba la hewa iko wapi?

Naandika alichosema ili nisisahau anavyopenda kufundisha watu. Eti trekta inavuta hewa kwa lile bomba lililosimama juu ya boneti. Eti lile bomba lina kofia ya bati, na bila kofia theluji inaingia moja kwa moja. Inashuka mpaka kwenye chujio, ndani ya lile bakuli la oili linalonasa vumbi, inayeyuka, inaganda, na trekta inakosa pumzi. Moshi mweusi ndio huo, mafuta yanaungua bila hewa. "Fungua bakuli, toa barafu, weka oili nyepesi, rudisha kofia. Basi, kaka. Dakika kumi."

Dakika kumi! Nilikuwa naendesha trekta yeye akiwa mtoto mchanga amefungwa kwenye susu. Nikamwambia hivyo. Akasema ni kweli, na akaenda zake akipiga mluzi.

Kofia ipo. Sikuipoteza. Niliiazima tu wakati wa kiangazi, nikaiweka juu ya dohani la bafu letu la mvuke. Imekaa pale kama imezaliwa nalo. Tangu hapo moshi haurudi ndani, na Uulkan amenisifu mara moja, mwezi wa nane. Siwezi kuitoa. Wakwe wataoga wapi wakilala? Na hata kama ningeweza, nisingeitoa wiki hii, Tashtan akiangalia.

Bakuli sikulifungua. Nimechoka, na giza lilikuwa linaingia.

Jumatano, 5 Februari

Nimegundua! Ni kijicho.

Nimekumbuka kwamba Ijumaa iliyopita Tashtan alisimama barabarani, akaipiga trekta yangu kofi la ubavuni na kusema kwa sauti, kaka, mashine yako bado inadunda. Mbele za watu. Na hakutema mate hata kidogo kukinga kijicho! Mtu anasifu kitu cha mwenzake wazi wazi hivyo, kisha unashangaa kinahema?

Nilichukua mreteni wa Uulkan, ule mkavu anaofukizia nyumba. Nikautia kwenye kikaango na makaa. Nikawasha trekta, maana lazima iwe hai ndipo ifaidike. Nikaizunguka mara tatu nikisema maneno yanayosemwa. Moshi mzuri, wenye harufu ya utotoni. Mzunguko wa tatu nikanyanyua kikaango juu ya boneti, ili nako kubarikiwe.

Sikujua trekta ina nguvu ya kuvuta kiasi kile. Moshi wote ukaingia bombani. Na majani. Na kaa moja jekundu, nililiona kwa macho yangu likiruka. Trekta ikapiga chafya. Sijawahi kusikia trekta ikipiga chafya. Kuku wakatawanyika, mbwa wa jirani akakata kamba.

Halafu ikazima, safari hii haraka zaidi.

Uulkan aliuliza mreteni wake uko wapi. Nikasema umeisha. Akauliza umeishaje, ulikuwa fungu zima. Nikasema trekta imeuvuta. Akaendelea kukanda unga wa maandazi ya Jumapili. Leo amekandia kwenye sufuria, maana beseni bado linanuka samadi. Huyu mwanamke amechoka nami. Namwelewa, mimi mwenyewe nimechoka nami.

Kona ya Mbuzi haijaguswa. Theluji imefika kwenye kibao cha barabara. Zimebaki siku nne.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimefikiri. Nimekaa juu ya ndoo ndani ya banda, nimefikiri kweli.

Tuseme, tuseme tu, kwamba theluji inaingia bombani. Sisemi Tashtan alisema kweli. Nasema tuseme. Je, dawa yake ni bati? Bati ni la watu wasiojua kitu. Babu zetu waliishi katika baridi hii hii, ndani ya mahema ya sufu iliyoshindiliwa. Theluji haiingii, upepo hauingii, na mtu ndani anapumua usiku kucha. Kichwani tunavaa nini? Kalpaki ya sufu. Miguuni? Buti za sufu. Farasi tunamfunika nini? Trekta peke yake ndiyo tumeiacha uchi, na tunashangaa inakohoa!

Nitaishonea kofia ya sufu. Inazuia theluji, inapitisha pumzi. Rahisi, na haijamjia mtu yeyote kabla yangu.

Sufu ya kutosha ilikuwa tatizo. Buti zangu za zamani zimeliwa na panya. Kalpaki yangu ni nyembamba, halafu kichwa changu nacho kinaihitaji. Nikakumbuka sanduku la Begimay.

Humo limo zulia lake la kwenda nalo kwa mume, shirdaki ambalo Uulkan na dada zake wameshona majira ya baridi mawili. Pembe za kondoo, nyekundu juu ya nyeusi, mzunguko mzima. Sufu nzito ajabu, hupitishi sindano bila kuvuja jasho. Nimekata kona moja tu. Kubwa kidogo kuliko kiganja. Sawa, viganja vitatu. Nimelikunja zulia kona hiyo ikiwa ndani, nimerudisha magodoro juu yake. Jumapili litaonyeshwa juu juu, nani atafunua kona?

Sikukata kwa raha. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilisikia Begimay akiimba jikoni na mkasi ukasimama kidogo. Halafu nikawaza, ninakata kwa ajili yake. Wakwe wasipofika, zulia zima litamsaidia nini?

Nikashona. Nikaivalisha trekta juu ya bomba, nikakaza kwa klipu. Pembe nyekundu ya kondoo ikawa mbele kabisa. Ilipendeza, ilikuwa kama bwana harusi.

Na imefanya kazi! Saa nzima! Hakuna moshi mweusi, hakuna kuhema. Nimesukuma theluji mpaka mwanzo wa Kona ya Mbuzi. Jua, baridi kavu, upepo hakuna. Nimeimba. Nikarudi kijijini nikapita makusudi mbele ya zizi la Tashtan, mara mbili. Alitoka akatazama juu ya boneti, akafumba jicho moja. Akauliza ile ni nini. Nikamwambia ni elimu.

Ijumaa, 7 Februari

Theluji mvua. Nzito, yenye maji, inashika koleo kama uji.

Kofia imelowa. Trekta imeanza kuhema tena, sauti nyembamba ya mtu anayenyonya mfupa. Hatua sitini, moshi. Sikukata tamaa. Ni wazi kwamba sufu haikutosha, maji yanapita. Nimekata kipande kingine, kona ile ile, kidogo tu kuelekea katikati. Tabaka la pili. Sasa haipiti hata tone.

Wala hewa, kama ilivyoonekana. Lakini hilo nimelihusisha na uchovu wa injini. Injini nayo ina umri.

Uulkan amenikalisha chini baada ya chai. Amesema polepole, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kelele. Jolchu, amesema, kondoo ameshachaguliwa, maandazi yapo, dada zangu wanakuja kesho. Mkwe Asanaly, baba wa kijana, amepiga simu kuuliza njia, nimemwambia ipo wazi kwa sababu wewe ulisema iko wazi. Sasa niambie mimi. Nikamwambia imekaribia kufunguka. Akasema, basi mpigie Tashtan.

Nikasema nitampigia. Nikampigia kweli, nisije nikaitwa mwongo. Akapokea, akasema niambie kaka. Nikamuuliza trekta yake inakunywa dizeli kiasi gani kwa saa. Akanitajia. Nikasema mh, nyingi hiyo. Akasubiri. Nikasubiri. Nikamtakia usingizi mwema ilhali jua bado lilikuwa juu.

Nilirudi ndani nikasema nimempigia. Uulkan akafurahi, akaniongezea siagi kwenye mkate. Nikaula wote.

Jumamosi, 8 Februari

Baridi kali imerudi. Kila kilicholowa jana leo ni jiwe. Kofia ya trekta ukiigonga inalia kama mlango.

Asubuhi yote nimezungusha injini. Inawaka, inavuta pumzi moja, inakufa. Inawaka, inakufa. Betri imechoka kabla yangu, jambo la nadra. Nimeichaji kwenye gari la mwalimu. Nimebadilisha chujio la dizeli. Nimekagua kila kitu ambacho Tashtan hakukitaja.

Alipita akiwa na trekta yake, dirisha wazi, redio inaimba. Akasema, kaka, ngoja nipitishe mara moja tu pale konani, hata usiniangalie. Nikamwambia halmashauri ilimpa kazi nani? Akasema wewe. Nikasema basi. Akaniangalia kwa huruma. Ningependa zaidi anicheke.

Alasiri Begimay akaniletea chai bandani. Akakaa juu ya ndoo yangu. Hakuuliza habari za injini. Akauliza, baba, watakuja? Hivyo tu. Macho mekundu. Mikono ina unga mpaka viwikoni. Akasema hajali hereni, hajali zulia, anataka tu waingie mlangoni na wote wakae chini, iishe, kwa sababu wiki nzima hii halali. Akasema anaona aibu kuogopa theluji, umri huu.

Nikamwambia watakuja. Nikamshika kichwa. Aliposema zulia nilianza kutafuta spana niliyokuwa nimeishika.

Alipotoka nilikaa muda mrefu nikilitazama lile bakuli la hewa. Ni skrubu mbili tu. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Lakini ningekuta barafu humo ningefanya nini? Ningemtazamaje Tashtan?

Kesho nitaamka mapema. Nitamwagia kofia maji ya moto. Itafunguka.

Jumapili, 9 Februari

Naandika nimekaa jikoni, peke yangu, kwa hiari yangu. Sebuleni wanacheka. Najua wanachocheka.

Nianze mwanzo. Maji ya moto yalifanya kazi. Kofia ikalainika, trekta ikawaka, nikaondoka saa mbili asubuhi kabla mtu hajaniuliza. Nikafika Kona ya Mbuzi. Nikasukuma. Theluji ya unga ikapanda juu kama wingu, ikarudi yote juu ya boneti. Na maji ya moto, sikuwa nimelifikiria hili, maji ya moto yakishapoa ni maji tu, na maji katika baridi ile ni barafu. Katikati kabisa ya kona trekta ikavuta pumzi, ikakosa, ikafa. Imekaa mshazari. Kulia ukuta wa theluji, kushoto mto. Kabla sijafika njia ilikuwa imefungwa na theluji. Sasa ilikuwa imefungwa na mimi.

Nikakaa mle ndani. Sikufanya lolote. Nilikuwa nimechoka namna ambayo mtu hachoki kwa kazi.

Saa nne gari la wakwe likatokea upande wa daraja. Likasimama. Akashuka mkwe Asanaly na suti na buti za mpira. Akashuka mkewe na kisanduku kidogo amekikumbatia kifuani. Halafu akashuka mama yake Asanaly, Bibi Kalipa, miaka sabini na minane, kitambaa cheupe kichwani, fimbo. Hakusalimia. Akatembea juu ya theluji mpaka kwenye gurudumu langu na kuuliza moshi ulikuwa rangi gani.

Nikasema, mama, karibuni sana, samahani sana. Akasema, "Sikukuuliza hayo. Rangi gani?"

Nikasema mweusi.

"Inavutia wapi hewa?"

Nikaonyesha. Akatazama juu. Akanipa fimbo yake niishike. Akapanda! Mkono kwenye kioo, mguu kwenye gurudumu, kama anapanda farasi wake. Kumbe huyu bibi aliendesha trekta ya shamba la pamoja miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeniambia. Watu wanaposa binti yako hawakuambii mambo ya maana.

Alilegeza klipu, akaivuta kofia ya sufu. Ilitoka nzima, ngumu, kama kifuniko cha chungu. Akaigeuza. Akatazama ile pembe nyekundu ya kondoo.  Akaitia ndani ya koti lake.

Kisha akaagiza bisibisi. Skrubu mbili. Bakuli likashuka na ndani yake mlikuwa na bonge la barafu, na ndani ya barafu majani ya mreteni, na kaa moja dogo jeusi. Akaniuliza hii nini. Nikasema mreteni. Akauliza uliifukiza trekta? Nikaanza kukagua fimbo yake. Asanaly akageuka kutazama mto, mabega yakimtikisika.

Akaitisha chupa ya chai kutoka garini. Akamwagia bakuli kwa nje, chai nzuri yenye maziwa, barafu ikachomoka. Akapangusa kwa ncha ya koti. Akauliza oili. Nilikuwa nayo. Akaichanganya na dizeli kidogo iwe nyepesi, akatia mpaka kwenye mstari. Dakika kumi, sikutaka kuhesabu lakini nilihesabu.

Wakati anakaza skrubu ya pili Tashtan akatokea upande wa kijiji, na trekta ya manjano, na nyuma yake farasi watatu na nusu ya majirani. Uulkan ndiye aliyemwita. Alikuwa amemuuliza alfajiri kama anakuja, naye akauliza aje wapi, kaka aliniuliza dizeli tu. Basi.

Bibi Kalipa akakaa kwenye kiti changu. Kwenye mto ulioungua. Akasema mimi nikae juu ya madigadi. Trekta ikawaka mara moja, sauti safi ambayo sijaisikia tangu vuli. Akasukuma Kona ya Mbuzi yote, akiupa upepo mgongo. Akanipigia kelele juu ya sauti ya injini kwamba theluji haisukumwi upepo ukikupiga usoni, mpumbavu gani alikufundisha. Nikasema nilijifunza mwenyewe. Akasema inaonekana.

Hivyo ndivyo wakwe walivyoingia Kashka-Tor. Trekta mbele, gari nyuma, kama nilivyoahidi! Ila bibi mzaa baba wa bwana harusi ndiye aliyeendesha, na baba wa bibi harusi aliketi juu ya gurudumu ameshika fimbo na chupa tupu ya chai. Tashtan alisimama kando ya njia. Akavua kalpaki yake. Sijui alimvulia nani.

Wakala. Wakanywa. Begimay akaingia na gauni lake, mama mkwe akafungua kisanduku, akamvisha hereni za fedha, sikio la kulia, sikio la kushoto. Binti yangu alicheka akalia. Mimi pia. Nilidhani yamekwisha.

Halafu dada yake Uulkan akasema waonyeshwe mali ya binti. Magodoro yakashushwa. Zulia likatandikwa sebuleni, lote. Akina mama wakasema ah! Kisha wakafika kwenye kona, wakainama kuitazama.

Uulkan alilitazama zulia. Akanitazama mimi. Sikuwa na mahali pa kwenda, mlango ulikuwa upande wa pili wa zulia.

Bibi Kalipa akatia mkono ndani ya koti. Akatoa kofia, ilikuwa imeyeyuka na inadondosha maji ya chai na oili. Akakata uzi wangu kwa meno. Akatandaza vipande viwili sakafuni, akavisogeza kwa fimbo mpaka pembe ya kondoo ikakutana na pembe yake. Vikaingia sawasawa. Akasema, "Nilijua ni mkono wa mtu anayejua kushona. Nikashangaa anaishonea trekta."

  Begimay ndiye aliyeanza kucheka. Alikaa chini, akajishika tumbo, hereni zinacheza. Halafu wote. Uulkan wa mwisho kabisa, na si sana.

Dada zake walitaka kufua vipande. Bibi Kalipa akakataza. Akasema vishonwe hivyo hivyo, na doa lake la oili, ili watoto wa Begimay wakiuliza wapate hadithi.

Begimay alinifuata hapa jikoni. Akasema, baba, ungeniambia tu umekwama. Akasema alipoiona trekta ikitokea konani alifurahi, wala hakujali nani anaendesha. Akanibusu kipara. Nimeona aibu kubwa. Naiandika hapa ili iwepo: nimeona aibu.

Mkwe Asanaly amenivika zawadi kama ilivyo desturi. Joho la bluu, na kalpaki mpya nyeupe. Bibi Kalipa amenishika sikio mbele ya watu, akasema kesho hiyo hiyo nishushe ile kofia ya bati, ameiona juu ya bafu. Nimeahidi.

Jumatano, 12 Februari

Wakwe waliondoka jana, wameoga, wameridhika. Theluji imeanza tena.

Ile kofia ya bati bado ipo juu ya bafu. Ngazi ina barafu, mgongo wangu ndio huo, na Uulkan hasemi nami vya kutosha hata anishikie ngazi. Halafu Tashtan amekuja asubuhi kujitolea kupanda. Angalia ujanja wake! Nimemwambia aangalie zizi lake.

Nimefikiri upya suala zima. Kosa halikuwa sufu. Kosa lilikuwa sufu ya zulia. Zulia hushindiliwa kwa ajili ya miguu. Kofia inashindiliwa kwa ajili ya kichwa, na bomba la hewa ni nini kama si kichwa? Hata Bibi Kalipa hakuligundua hilo, pamoja na miaka yake kumi na tisa.

Kalpaki ya mkwe Asanaly ni nyeupe, laini, imeshonwa vizuri sana, imetoshea bombani kana kwamba ilipimwa. Niliitazama kwa mbali. Imependeza kuliko ilivyonipendeza mimi.

Kazi za leo: kutoka shuleni mpaka zizi la Tashtan, hatua mia tatu. Moshi kidogo, mweusi. Imezima mara mbili tu.

Ni dizeli.